Kiwembe cha Kinyozi Bajro

ZUMRA: Haloo? Haloo! Ni nani? Kama ni wale wa kuuza sufuria, ninazo za kutosha mpaka kaburini.

VILDANA: Shangazi, ni mimi. Vildana.

ZUMRA: Vildana yupi? Namba hii siijui.

VILDANA: Vildana wa Ferid, shangazi! Kwani una Vildana wangapi? Hii ni simu ya Adnan. Salaam aleikum.

ZUMRA: Waaleikum salaam, mwanangu! Subiri— subiri nikoroge. Nina chungu cha plamu motoni hapa uani, na jamu hii ukiipa mgongo tu inashika chini. Haya. Hujambo? Adnan hajambo? Mama mkwe wako bado hajajaliwa kunyamaza?

VILDANA: Wote wazima. Shangazi, salio ni dogo, kwa hiyo—

ZUMRA: Mbona sauti imefifia hivyo? Unakula kweli?

VILDANA: Nakula. Nisikilize. Jumatatu wananipasua.

ZUMRA: Wanakupasua nini?

VILDANA: Wananitoa kizazi.

[Mtandao unakwaruza.]

VILDANA: Haloo? Shangazi?

ZUMRA: Nipo.

VILDANA: Damu haikatiki. Kila mwezi ni afadhali ya jana. Juzi nimeanguka dukani mbele ya wateja, nikaongezewa damu tena. Daktari wa wanawake kachoka na mimi. Anasema dawa zimeshindwa, tukitoa kizazi yameisha.

ZUMRA: Na mtoto?

VILDANA: Mtoto gani tena, shangazi.

ZUMRA: Usiseme hivyo! Wewe bado—

VILDANA: Namtaka. Namtaka mpaka nikipita karibu na duka la nguo za watoto nageuza shingo. Ndiyo maana nimekupigia.

ZUMRA: Nilikwambia mimi. Tangu ukiwa msichana nilikwambia: usikae kwenye saruji baridi! Ulikuwa unashinda pale ngazini kwangu na kikaptula chako, na mimi napiga kelele, inuka, utaharibu tumbo, na baba yako anacheka—

VILDANA: Shangazi, si saruji.

ZUMRA: Na kutoka nje na nywele mbichi!

VILDANA: Si nywele.

ZUMRA: Na kulala na madirisha mawili wazi, upepo unaingia huku unatokea kule—

VILDANA: Si upepo, wala usianze na ya soksi! Nipe dakika moja tu, jamani. Kuna daktari mwingine. Wa damu, yuko Sarajevo. Mama mmoja hivi, mkali, hana mchezo. Yeye anasema huenda kizazi hakina kosa lolote. Huenda ni damu yenyewe.

ZUMRA: Damu imefanya nini?

VILDANA: Ndani ya damu kuna kitu kama gundi. Ukijikata, ndicho kinachosaidia kidonda kizibe. Kuna watu wanazaliwa nacho kidogo, na wanafika utu uzima hawajui. Wanadhani ndivyo walivyo. Ni ya kurithi, shangazi. Kwa baba au kwa mama.

ZUMRA: Kwetu damu ni safi.

VILDANA: Sijasema ni chafu.

ZUMRA: Ukoo wa Bektaš, muulize yeyote hapa Fojnica. Hatuna wazimu, hatuna kifafa, hatuna—

VILDANA: Nakuuliza wewe. Baba angekuwa hai ningemuuliza yeye. Upande wa mama nimeshamaliza, mpaka binamu walioko Austria. Hakuna kitu. Umebaki wewe.

ZUMRA: Si wakupime tu? Siku hizi wanapima kila kitu.

VILDANA: Walipima. Kipimo kikatoka safi. Ndiyo maana huyu wa wanawake kakazana na kisu chake. Lakini wa damu anasema kipimo kimoja hakitoshi, kinadanganya. Anataka habari za ukoo. Akimpata mtu mmoja wa damu yetu mwenye tatizo hilohilo, anapiga simu mwenyewe, Jumatatu inafutwa, mimi naanzishiwa dawa. Kizazi kinabaki. Na hata kama kitatolewa, nisipopata dawa kwanza, naweza kumalizikia palepale mezani. Umenielewa?

ZUMRA: [anapumua] Ngoja nikoroge.

VILDANA: Shangazi!

ZUMRA: Nakoroga na nasikia, mikono si masikio. Uliza.

VILDANA: Jino. Umewahi kung'olewa jino?

ZUMRA: Kila mtu ameng'olewa jino.

VILDANA: Ikawaje?

ZUMRA: Ikawa nini? Yule daktari alikuwa mlevi. Mji mzima unajua.

VILDANA: Ulitoka damu muda gani?

ZUMRA: Nililala na taulo mdomoni, nikaamka limelowa, nikachukua jingine. Halafu jingine. Mpaka Salko, Mungu amrehemu, akasema mke wangu, tumebakiwa na mazulia tu sasa. [anacheka]

VILDANA: Naandika.

ZUMRA: Unaandika nini? Futa! Nimekwambia alikuwa mlevi!

VILDANA: Na michubuko?

ZUMRA: Mimi ngozi yangu ni laini. Salko akinishika mkono tu, kesho kuna alama. Majirani wakamsema masikini, na hata inzi hakuwahi kumpiga.

VILDANA: Na hedhi?

ZUMRA: Astaghfirullah! Jirani yangu Fata yuko hapa uani!

VILDANA: Fata ni mwanamke.

ZUMRA: Fata ni redio! [kando] Fata, shika huu mwiko, mama. Usiache. Koroga mpaka chini... Haya, nimeingia ndani. Hedhi ni hedhi. Wanawake wa kwetu tuna damu nyingi, basi. Mama yangu alikuwa akisema ni nguvu hiyo, wanawake wa Bektaš wana damu ya kugawa.

VILDANA: Na yeye pia?

ZUMRA: Yeye alikuwa na shuka zake za pembeni, za siku hizo. Sisi tulidhani kila nyumba ina shuka za pembeni.

VILDANA: [polepole] Si kila nyumba, shangazi.

VILDANA: Kuna jambo jingine. Mama kaniambia nikuulize wewe. Amesema yeye aliolewa tu, si lake la kusema.

ZUMRA: Mama yako lini ameanza kuwa na yasiyo yake ya kusema?

VILDANA: Baba mkubwa Edhem. Alikufa na nini?

ZUMRA: Haloo?

VILDANA: Shangazi.

ZUMRA: Haloo? Sikusikii, mwanangu, hii milima—

VILDANA: Unanisikia vizuri tu—

[Simu inakatika. Inaita. Inaita tena.]

ZUMRA: Haloo? Ni nani?

VILDANA: Umenikatia.

ZUMRA: Mtandao.

VILDANA: Shangazi.

ZUMRA: Mtandao, nimesema! Wewe una nini leo, umekuwa polisi?

VILDANA: Naogopa. Ndicho nilicho nacho. Naogopa sana, shangazi, usiku silali, namsikiliza Adnan anajifanya amelala. Nyumbani tuliambiwa baba mkubwa alikufa na homa. Ni homa?

ZUMRA: Ndivyo tulivyosema.

VILDANA: Kwa nini "tulivyosema"?

ZUMRA: Kwa sababu babu yako alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Na wanachama wakati ule hawakutakiwa kutahiri watoto nyumbani, na dua, na wageni, na halua. Tulifanya kimyakimya, tukafunga lango. Halafu... Utasema nini kazini? Ukasema homa.

VILDANA: Alikufa kwa kutahiriwa.

ZUMRA: Alikufa kwa mkono wa Bajro.

VILDANA: Bajro ni nani?

ZUMRA: Kinyozi. Alikuwa na duka pale darajani, na ndiye aliyetahiri watoto wa mji mzima. Mkono mwepesi, watu walikuwa wakimsifu. Na siku ile alikuwa amekunywa, au alikuwa na haraka, au kiwembe kilikuwa butu, sijui, mama alisema vyote vitatu. Akamkata vibaya. Mtoto alivuja usiku kucha na kesho yake. Majivu, unga wa kahawa, vitambaa, kila mtu na dawa yake. Mimi nilikuwa nabadilisha maji kwenye beseni. Alikuwa ananiuliza, Zumra, mbona maji mekundu tena.

VILDANA: Pole, shangazi.

ZUMRA: Usinipe pole, ni zamani hiyo.

VILDANA: Alitahiriwa peke yake?

ZUMRA: Peke yake vipi? Walikuwa watatu, yeye na watoto wa jirani. Ilikuwa desturi, unawakusanya.

VILDANA: Kiwembe kilekile?

ZUMRA: Kilekile, ndiyo.

VILDANA: Na wale wawili?

ZUMRA: Wale wawili jioni walikuwa wanagombania halua.

[Mtandao unakwaruza.]

VILDANA: Shangazi... Kama mkono ulikuwa mlevi na kiwembe ni butu—

ZUMRA: Wewe!

VILDANA: —mbona wale wengine—

ZUMRA: Usimtetee! Hukuwapo! Baba alikwenda dukani kwake na shoka, akavunja kioo, akavunja kiti. Bajro alisimama tu pembeni, hakuinua hata mkono. Asiye na kosa hujitetea, mama alisema. Hakushika kiwembe tena. Alifunga duka, akawa anauza mbegu za maboga mlangoni kwa sinema, na watu wananunua kwa mwingine. Akafa hivyo. Sasa nani asiye na hatia anakubali kufa hivyo?

VILDANA: Labda mtu anayeamini na yeye kwamba ameua. Haloo?

ZUMRA: Nipo. Usiseme maneno kama hayo kwenye simu.

VILDANA: Nisamehe.

ZUMRA: Mtoto wake Bajro alikuwa akishinda pale naye mlangoni. Anashika mifuko ya karatasi. Nazif.

VILDANA: Nazif ndiye yule—

ZUMRA: Ni mtu tu.

VILDANA: Mama aliniambia kuna mtu alikuwa akija dirishani kwako, zamani, kabla ya Salko.

ZUMRA: Mdomo wa mama yako haujawahi kuona kufuli. Wote walikuwa wakija madirishani! Ndivyo vijana walivyoposa. Anasimama nje, wewe uko ndani, mnaongea. Yeye alikuja msimu mzima. Mama akaniambia, utamzalia wajukuu muuaji wa ndugu yako? Basi. Nikafunga dirisha. Nikaolewa na Salko, mtu mwema, anakoroma. Yamekwisha.

VILDANA: Yuko hai?

ZUMRA: Nani?

VILDANA: Shangazi, nani tena.

ZUMRA: Yuko ng'ambo ya daraja. Anatengeneza vinu vya kahawa. Changu kiliharibika, nimenunua kipya. Nikimwona anakuja, mimi navuka barabara. Acha hayo, uliza ya Jumatatu.

VILDANA: Ni ya Jumatatu hayohayo. Baba yangu je? Yeye alitahiriwa na nani, kama Bajro alishaacha?

ZUMRA: Ferid alipelekwa hospitali. Babu yako hakujali tena Chama wala nini, alisema huyu atakatwa na daktari mwenye koti jeupe na sindano ya ganzi. Na bado hao nao— [anacheka kidogo] —hao nao hawakuwa na maana, walimweka majuma mazima, wanashona, wanafumua, wanashona. Damu inatoka tu. Wakamwongezea na nyingine. Mama akawatukana mpaka mlinzi akamtoa nje. Akasema madaktari na vinyozi wote ni—

VILDANA: Shangazi?

ZUMRA: Ngoja.

VILDANA: Nangoja.

ZUMRA: Ngoja, ngoja. Kule hospitali Bajro hakuwapo.

VILDANA: Hakuwapo.

ZUMRA: Kulikuwa na taa kubwa, na wauguzi. Daktari alitoka mji mkubwa, Zagreb.

VILDANA: Ndiyo.

ZUMRA: Na Ferid alivuja vilevile.

VILDANA: Ndiyo, shangazi.

ZUMRA: Lakini sisi... Mama alisema bahati mbaya haiji peke yake. Tukaishia hapo. Tulikuwa tayari tuna wa kumlaumu, nani alikuwa na haja ya kufikiri zaidi? Ee Mungu. Ee Mungu wangu. Na lile jino langu.

VILDANA: Na shuka za bibi.

ZUMRA: Ni sisi.

VILDANA: Si kosa la mtu, ni damu tu—

ZUMRA: Ilikuwa humu humu damuni. Alizaliwa nayo Edhem mwenyewe, Bajro angefanya nini? Angetumia kiwembe cha dhahabu angefanya nini? Na mimi miaka yote hii navuka barabara! Navuka barabara, Vildana! Mtu ananyanyua kofia kunisalimia na mimi natazama ukuta!

VILDANA: Shangazi, usilie. Tafadhali.

ZUMRA: Silii! Ni mafua. [anapenga] Haya, niambie daktari wako anataka nini.

VILDANA: Anataka damu yako. Kidogo tu, mkononi. Kesho asubuhi Sarajevo. Nimemwomba, amekubali kuja kliniki ingawa ni Jumamosi. Kipimo chako kikionyesha, na haya uliyoniambia, basi imetosha. Nitakupokea kituoni.

ZUMRA: Kesho.

VILDANA: Najua ni ghafla. Najua hupendi safari—

ZUMRA: Wewe nyamaza, nani kasema siji? Unataka nikae hapa nikoroge plamu wakati wao wanakuchinja? Nakuja. Na kama wanataka mguu wakate mguu. Mwambie huyo wa kisu aweke kisu chake chini, mwambie shangazi yake Vildana yuko njiani.

VILDANA: [analia] Ahsante. Ahsante, shangazi.

ZUMRA: Na wewe usilie, una damu kidogo.

VILDANA: [anacheka na kulia] Machozi si damu.

ZUMRA: Vyote vinatoka mwilini. Nikuletee nini, nikuletee pai ya viazi?

VILDANA: Usilete kitu. Usinywe aspirini leo, hata kama kichwa kinauma. Halafu kuna jambo moja amelisisitiza sana, na muda unaisha, kwa hiyo nisikilize. Uje umetulia.

ZUMRA: Nitulie vipi?

VILDANA: Moyo utulie. Usikimbilie basi. Usipande ngazi mbio, usigombane na kondakta. Mtu akihangaika ile gundi inapanda kwenye damu kwa muda, kipimo kinatoka safi, ugonjwa unajificha. Mimi ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimetoka kuzozana na mama mkwe, lifti mbovu, nikapanda mpaka juu mbio kwa hofu ya kuchelewa. Nikaambiwa mzima. Mzima! Kwa hiyo wewe kaa, lala vizuri, tulia.

ZUMRA: Nitulie.

VILDANA: Ndiyo.

ZUMRA: Na hili ulilonitwisha leo.

VILDANA: Shangazi...

ZUMRA: Umenipasua kifua kwa simu halafu unaniambia lala vizuri! Simu naishika kwa mikono miwili. Kwa moyo huu kesho watasema mimi ndiye mwanamke mzima kuliko wote Bosnia.

VILDANA: Basi tutafanyaje?

ZUMRA: Nitavuka daraja.

VILDANA: Leo?

ZUMRA: Sasa hivi. Jamu ataipua Fata, ikiungua iungue. Nisipokwenda hii damu haitapimika, najijua.

VILDANA: Utamwambia nini?

ZUMRA: Sijui. Nitasema... Daktari hawezi kuandika? Karatasi yenye muhuri, kwamba haikuwa kiwembe?

VILDANA: Hawezi, shangazi. Edhem hakupimwa. Hakuna karatasi.

ZUMRA: Nilijua. Basi ni mdomo wangu tu. Nitamwambia: Nazif, baba yako hakumuua ndugu yangu.

VILDANA: Huenda na yeye hajui. Huenda amebeba hatia ya baba yake hivyohivyo.

ZUMRA: Ndiyo maana sitangoja kesho.

VILDANA: Shangazi, simu inalia tii-tii, salio— basi la saa kumi na mbili asubuhi, unanisikia? Kituoni, mimi na Adnan—

ZUMRA: La saa kumi na mbili, nimesikia. Vildana! Niambie kitu kimoja, upesi. Kulia je? Kulia nako kunaipandisha?

VILDANA: Lia leo, shangazi. Lia yote leo, kwake hukohuko, halafu kesho—

[Simu inakatika.]